Sokoni Tunapaza Sauti, Gare Tunanyamaza

Likasi, Jumamosi, 1993

Kwa hiyo sisi ni majasiri. Ndivyo Ndugu Pascal, kiongozi wetu wa vijana, alivyotupongeza baada ya kuhubiri sokoni kwa kipaza sauti. Tuliwaonya mama wauza unga, waliobatizwa kabla hatujazaliwa. Walisema amina, wakaendelea kupima unga. Ujasiri mkubwa kweli.

Nikamuuliza mbona hatuendi gare, pale stesheni, ambako familia zenye asili ya mkoa wa Kasai zilizofukuzwa majumbani zinalala nje zikingoja treni. Ngalula, niliyekaa naye benchi moja darasani, yuko huko na mama yake.

"Dada, kule ni mambo ya politiki," akasema. "Yesu anaonaka roho yako. Inatosha."

Basi roho yangu ibaki nyumbani, Yesu aione vizuri.

Nilikwenda gare peke yangu. Vijana waliozifukuza familia hizo walikuwa wamesimama ng'ambo ya reli, wakinitazama. Nikamshika mama yake Ngalula mkono, nikaanza kuomba kwa sauti ndogo, ya mtu mwenye busara.

"Weye mutoto," akanikatiza, "ku soko munapigaka makelele. Hapa Mungu amelala?"

Ngalula akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Nikaanza upya, kwa sauti, nikiwataja wote wawili majina. Mmoja wa wale vijana huimba nasi kwaya. Kesho atawaambia wote kanisani nilikuwa wapi, na ninaogopa.

Lakini niliposema amina nikamwona yule wa kwaya. Alikuwa amevua kofia, kama kanisani.