Sarafu ya Mwana wa Raja

Mambrui, 6 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepoa, na ndugu yangu Pola na watoto wake hawajambo. Huku tu wazima. Simu zangu hupokei tangu nisilimu nikaolewa, ndiyo maana naandika.

Juzi Harith, mume wangu, alikuwa akichimba shimo la choo, akakuta sarafu ya fedha, nzito, yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Tuliipeleka kwa watu wa makumbusho. Mama mmoja aliyeisoma alisema imepita miaka mia sita, na ni ya Sultani Jalaluddin wa Bengali, Bara Hindi. Nikamuuliza alikuwa nani. Akasema alizaliwa Mhindu, jina lake Jadu, mtoto wa raja, yaani mfalme wa Kihindu. Akasilimu akiwa kijana. Wanasema babake alimrudisha dini ya kwao, naye akaiacha tena.

Nililia pale pale, baba. Nilitaka wewe ndiye nikuhadithie.

Mwanao,
Sidi

Ganze, 19 Agosti 2024

Sidi,

Salamu. Mimi mzima, goti ni lile lile. Mvua ilitukimbia, mahindi yamekauka shambani.

Barua yako Pola amenisomea mara nyingi. Nadhani ulitaka nimhurumie huyo kijana. Mimi nilimhurumia babake. Wewe nilikupa jina la mamangu. Siku ile ulisimama uani kwangu ukasema, "Sasa naitwa Afiya." Hilo ndilo liliniuma, kuliko msikiti.

Nataka kujua jambo moja. Yule raja alikufa wamepatana na mwanawe?

Babako,
Kaingu

Mambrui, 2 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo, na pole kwa shamba.

Nilirudi kumuuliza yule mama. Raja alikufa, mwana akatawala miaka mingi. Waliyoambiana mwishoni hakuna ajuaye. Akanionyesha kwamba masultani wengi waliandika kwenye fedha zao, fulani mwana wa fulani. Jalaluddin jina la babake hakuliweka.

Baba, mimi sikuliondoa lako. Kitambulisho changu kinasema Sidi Kaingu. Afiya ni jina nililoongezewa, na siku ile nililisema vibaya, kwa kiburi cha ujana. Humu ndani mama mkwe ananiita Sidi, anasema ndilo nililokuja nalo.

Kuna jingine nililoogopa kukwambia. Nina mimba, imekuwa kubwa. Usiku nikikosa usingizi nakuwaza wewe.

Mwanao,
Sidi

Ganze, 9 Septemba 2024

Mwanangu Sidi,

U hali gani? Usibebe maji, mwambie mumeo nimekataza.

Yule raja na mwanawe tuwaachie Mulungu. Mimi nakuja Jumamosi, Pola atanisindikiza. Naleta kuku wawili wakiwa hai, Harith awachinje mwenyewe kwa dua yenu, nami nitakula.

Sijawahi kulala nyumba ya Waislamu. Niambie mapema viatu naviacha wapi, nisije nikakuaibisha kwa mama mkwe wako.

Babako