Uzi wa Kijani Nyuma ya Dashibodi

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Kikombe chenye skrubu usikiguse, ni za dashibodi ya gari langu kuukuu la spoti.

Mama, nimekukamata! Asubuhi nimebadilisha swichi zote zilizovunjika. Ya feni ikakubali, ya vioo ikakubali, ya taa kubwa ikagoma. Nikatia nyingine mpya, kimya. Nikapitisha mkono nyuma: waya umechomolewa, umefungwa kando kwa uzi wa kijani wa sweta unayonifumia! Na fundo ni lako, lilelile la vifungo vya shati langu la shule. Mwaka mzima nailaumu swichi!

Kumbe ndiyo maana kila jioni nikishika ufunguo unauliza kwa upole, "Taa zimepona, baba?" Nikisema bado, unasema, "Basi utakwenda kesho." Nami nikidhani unanionea huruma!

Nani alikufundisha kufungua dashibodi? Mimi mwenyewe imenitoa jasho.

Waya nimeurudisha, taa zinawaka kama mchana. ~~Leo usiku usinisubiri.~~

Nitarudi kabla ya giza. Uzi wako huu hapa, malizia sweta.

Mwanao mbishi