Sponji Chini ya Gauni

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana hata sijui nianzie wapi. Mimi ni fundi cherehani, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na kinachonichanganya ni huu mwili wangu, sielewi tena ni wa nani. Zamani tulipopanga chumba kimoja nilikuwa mwembamba, ikasemwa mume wangu hajui kutunza mke. Alipopandishwa cheo tukahamia ghorofani, nikawa wa gari mlangoni, chipsi na soda, nikanenepa hadi mama mkwe akawa anawaita majirani, "Njooni mumwone mke wa mwanangu, bado mnasema mwanangu hajui kutunza?" na mimi, uongo dhambi, nilifurahi. Kumbe huku ghorofani wake za mabosi ni wembamba, asubuhi wanakimbia na chupa za maji, na mmoja akaniambia pale kwenye ngazi, anacheka, "Mama, unene siku hizi ni wa watu wa vichochoroni." Nikacheka naye, halafu nikaenda kulia chooni.

Basi nesi wa kliniki akanipima, sukari juu, presha juu, akasema nipungue la sivyo nitaanza sindano. Nikaacha soda, nikaanza kwenda kazini kwa miguu, nikapungua kilo kumi na moja na sukari ikashuka. Lakini Jumapili niliyoenda ukweni nimepungua, mama mkwe nusura adondoshe sahani, "Mwanangu anakunyima chakula, au una ugonjwa unatuficha?" Mawifi wakaitwa, mume wangu akawekwa kiti moto, na mwanaume mzima akakaa kimya kama maji mtungini.

Ndipo nikafanya ujinga wangu, Shangazi. Nimejishonea gaguro la sponji la kuvaa chini ya gauni, lenye nyonga na makalio, juu nikavaa sweta mbili, na Jumapili tano sasa naenda ukweni nimejaa, jasho linanitiririka, na mnene hakatai chakula, kwa hiyo nashindiliwa sahani mbili na soda, na sukari imeanza kupanda tena. Jumapili iliyopita mama mkwe, ambaye siku hizi hainuki kitini kwa ajili ya kidonda cha kidole cha mguu kilichogoma kupona tangu mwezi juzi, anakunywa maji jagi kwa jagi tu, alinipigapiga nyonga akasema, "Hapo sawa, mkwe wangu, hata nikifa leo nimewaacha pazuri." Sasa nivue sponji nimuaibishe mume wangu? Ninenepe kweli? Au niendelee hivi hivi, nje mtu mwingine na ndani mwingine?

Mimi, Fundi wa Ghorofani

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Pole, tena pole sana, na sasa kaa nikukaripie. Mtu mwenye sukari unabugia sahani mbili ili mtaa umsifie mumeo? Hao wa vichochoroni wanataka unenepe, hao wa kwenye ngazi wanataka ukonde, na siku ya sindano hutamwona hata mmoja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakujua kuna fundi atayashonea na sponji!

Lakini si hilo lililonisimamisha nywele. Barua nzima umeandika nyonga zako, kidole cha mama mkwe umekiruka kama dimbwi la barabarani. Kidonda miezi miwili, maji jagi kwa jagi! Mimi si daktari, ila wewe umekaa kwenye benchi la kliniki ya sukari, umesikia wanavyoulizwa wenzako. Katika ukoo huo ni wewe peke yako unayeijua njia ya kule, na umeificha chini ya gauni.

Usingoje Jumapili. Kesho asubuhi nenda ukweni na huyo bubu wako, na safari hii aseme. Vaa gauni la saizi yako. Mwekee mama kadi yako ya kliniki mapajani, umwambie, "Mama, nina sukari, ndiyo maana nimepungua. Twende na wewe wakakupime leo." Atafoka, atalia, na mawifi watasema. Waache wasemee ndani ya gari, mkiwa njiani.

Na hilo gaguro usilitupe. Lifumue, utoe sponji, umshonee mama mto wa kuegemeza mguu. Ila kliniki kwanza, mto baadaye.