Mama Mkwe Chini ya Trekta

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe kasema ndiyo! Naandika na bado siamini.

Tangu mke wangu aanze kutaja trekta, mwaka mzima sasa, jibu la mama yake lilikuwa hilohilo: hapana. Hapana isiyo na sababu. Lori la mchanga la watu anamwacha bintiye aliendeshe atakavyo — trekta, hapana. "Lori lina milango," husema, kisha anaondoka zake jikoni. Leo tunakula, kaweka kijiko chini, kasema atauza ng'ombe wake atujazie kwenye akiba, tutafute trekta kuukuu lililo zima. Dereva (ndivyo ninavyomwita mke wangu, naye ananiita Fundi, maana kazi yangu ni cherehani) nusura apaliwe na ugali.

Ila kuna sharti. Halinunuliwi mpaka yeye Mama alikague. Yeye mwenyewe!

Sikucheka. Nilikohoa. Mkwe hachekwi. Lakini jamani — bibi wa miaka sabini, hata redio anawashiwa na wajukuu!

Jumatano, 6 Machi

Dereva kaondoka na lori, harudi mpaka mwisho wa wiki ijayo au zaidi. Kwa hiyo wakaguzi ni mimi na Mama. Mimi, ambaye dizeli na mafuta ya taa natofautisha kwa rangi ya dumu! Dereva kaniusia mlangoni: trekta lenyewe lina umri kutuzidi sisi wawili, usidanganywe na rangi. Nikamwambia vitambaa vilivyofifia na kupakwa rangi upya navijua toka mbali. Kacheka. Akasema hili si gauni, Fundi, hili tukiuziwa bovu tumekwisha.

Najua. Akiba yote tuliyonayo imo humo. Yeye amechoka kuendeshea watu, anataka kulima mashamba ya majirani kwa chombo chake. Sijalala vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Makubwa! Sijui nianzie wapi.

Tulikwenda kwa yule wa yadi ya vyuma, nimempa jina Tabasamu maana meno hayaingii ndani. Trekta linang'aa, jekundu, mpaka unajiona uso. Mimi nilishalipenda. Tabasamu akaruka kwenye kiti aliwashe tusikie muziki wake. Mama akasema, "Ngoja, baba." Akaweka kiganja kwenye injini, kama anavyompima mtoto homa. "Mbona ina joto?" Tabasamu: jua hilo, mama. Mama akatazama juu. Mawingu tupu. Akavuta debe, akaketi. "Tutasubiri ipoe."

Tukasubiri! Tabasamu akaleta soda. Akasifu tairi. Akasema kuna mteja mwingine njiani. Mama anakunywa soda tu. Kisha akanieleza polepole, bila kunitazama: injini ya zamani lazima uione ikiamka yenyewe asubuhi, ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa, ujue mwenyewe anajua kitu ambacho hataki ukijue.

Haya kayatoa wapi?

Si hilo tu. Akaomba gunia, akalitandaza, akafunga nguo yake vizuri kiunoni — akaingia uvunguni mwa trekta! Mama mkwe wangu! Mimi macho nayaweka wapi? Niligeuka nikatazama ukuta, tochi nikainyoosha kwa nyuma. Sauti inatoka chini: "Mwanga, baba, mwanga! Unamulika kuku!" Tabasamu alicheka. Ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka.

Maana alipotoka, Mama akachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Ikaja rangi ya chai ya maziwa. "Maji yamechanganyika na oili," akasema. "Ama gasketi imekufa, ama injini ina ufa. Na huko chini mmechomelea juzi, mkapaka rangi." Akaamuru liwashwe sasa, limepoa. Likakoroma. Likakohoa. Likanyamaza kabisa. Tabasamu akasema betri. Mama akamwambia asante kwa soda, tukaondoka.

Njiani nikajikaza, nikauliza. "Mama, haya mambo umejifunza wapi?"

"Niliendesha."

"Uliendesha nini?"

"Trekta. Kwenye shamba la kampuni. Hamjazaliwa." Basi. Akatangulia mbele.

Jumapili, 10 Machi

Nimempigia Dereva. Anasema namtania. "Mama yangu? Huyu anayefumba macho nikikata kona?" Nikaapa. Upande wa pili nasikia injini ya lori tu. Hakuwahi kuambiwa! Mtoto pekee, na miaka yote hii mama yake dereva kama yeye, hajui.

Kaniambia nimuulize zaidi. Nimuulize vipi? Leo Mama kutwa anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudi. Siwezi kukaa chini. Naandika nimesimama kwenye meza ya kukatia nguo.

Tulikwenda kwa mwalimu mstaafu, ana trekta la buluu lililochujuka, kutu hapa na pale, sura mbaya haswa. Mama alipoliona uso ukamfunguka. Tulifika mapema makusudi. Kiganja kwenye injini: baridi kama mtungi. Likawashwa — moshi kidogo, mweupe, kisha likatulia, tu-tu-tu-tu, hata mimi nilijua hilo ni zima. Oili nyeusi safi. Akafungua mfuniko wa rejeta huku injini inanguruma, akachungulia muda mrefu: hakuna mapovu. Magurudumu ya mbele kayatikisa kwa mikono. Namba zilizogongwa kwenye injini kazilinganisha na za kwenye karatasi, akizisoma kwa sauti kama darasani, na Mwalimu anaitikia.

Jembe lililofungwa nyuma likanyanyuliwa juu, injini ikazimwa, Mama akasema twendeni tukanywe chai. Nikadhani ana njaa. Kumbe ni kipimo! Tuliporudi jembe bado liko juu palepale. Mfumo wa kunyanyulia ukiwa umechoka, kasema, jembe lingekuwa limeshakaa chini linatungojea.

Kisha akapanda! Akakaa, mgongo ukanyooka, akawa mtu mwingine. Gia zote, mbele na nyuma. Breki zake ni mbili, ya kulia na ya kushoto, kazijaribu moja moja. Alizunguka shamba la Mwalimu na mimi nimesimama nalia machozi ya furaha, sijui kwa nini, mjinga mimi.

Aliposimama nikaona kwenye madigadi, lile bati pana linalofunika gurudumu kubwa la nyuma, kuna kikalio kimechomelewa. Kina mto wa ngozi. Mshono wa mkono, safi, pindo mbili. Nikausifu. Nikapanda nikaukalia, nikasema, "Mama, twende raundi moja!"

"SHUKA!"

Sijawahi kusikia sauti ile. Kuku walikimbia. Mwalimu alidondosha kikombe. Mama kashika usukani kwa mikono yote miwili, midomo inacheza. "Shuka, mwanangu. Shuka. Shuka." Nilikuwa nimeshashuka zamani, niko chini, naye bado anasema shuka.

Baadaye akamwambia Mwalimu kwa sauti yake ya kawaida: trekta zuri, tunalichukua, lakini hicho kiti kikatwe kwanza. Mwalimu akashangaa, mbona ndicho cha msaidizi, wote wanacho. Kikatwe, akasema, ama tunatafuta kwingine.

Ijumaa, 15 Machi

Jana sikuweza kumaliza. Naandika haya kwa haraka kisha daftari naficha chini ya mabaki ya vitambaa.

Njiani kurudi Mama aliomba tupumzike, tukakaa ukingoni mwa barabara. Akaanza kusema huku anang'oa majani. Baba yake Dereva alikuwa kibarua kwenye shamba lilelile la kampuni. Jioni, kazi ikiisha, alizoea kukaa kwenye bati la gurudumu, pembeni ya Mama akiendesha, wanapiga soga mpaka kambini. Siku moja hakutaka. Alikuwa anatembea zake na wenzake, wanacheka.

"Nilimwita mimi," akasema. "Nikampigia honi. Nikamwambia usinidharau mbele ya watu, panda."

Wakavuka mtaro. Mdogo tu. Kila siku walikuwa wanauvuka.

"Trekta halikutikisika, mkwe. Nilidhani ameruka chini kunitania, kumbe gurudumu limempita."

Mke wangu, tangu akiwa mchanga, ameambiwa baba yake alikufa kwa tumbo. Ndivyo alivyoniambia mimi tulipochumbiana. Ndivyo tunavyowaambia watoto!

Nikamuuliza, kama ni hivyo, Mama, kwa nini umekubali? Akasema Dereva atanunua tu. "Nikikataa atasubiri nife. Na nikifa, nani atamkagulia?"

Kisha akaniapisha. Bintiye asijue. Nikaapa. Ningesema nini? Namwogopa, na namhurumia, na nina hasira naye pia, ndiyo, hasira, kwa kunitwika mzigo huu mimi.

Jumanne, 19 Machi

Tumelipa. Mwalimu kakata kile kikalio, kapaka rangi palipokatwa. Mama alipitisha kidole pale kuhakikisha hakuna ncha. Dereva atakwenda kulichukua mwenyewe akirudi.

Nimeshona suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi. Nimefumua.

Ijumaa, 22 Machi

Dereva karudi usiku wa jana. Furaha yake haina mfano. Anauliza maswali mia: Mama alikaaje kwenye kiti? Aliingizaje gia? Kwa nini aliacha? Nilijibu, "Muulize mwenyewe." Akaenda jikoni kumuuliza. Akarudi. "Anasema mgongo."

Sikumtazama usoni. Nilijifanya natafuta sindano.

Jumamosi, 23 Machi

Limefika. Liko uani, linanguruma, na mimi niko chumbani. Nimesema naingia kuchukua kofia. Kofia iko kichwani.

Dereva kaingia nalo getini akipiga honi, majirani wote nje, watoto wanakimbia pembeni — nikawafukuza kwa ukali mpaka wakashangaa. Mama katoka jikoni, kasimama mlangoni na sufuria mkononi. Nilidhani atatabasamu. Karibu atabasamu.

Ndipo mke wangu akapigapiga lile bati la gurudumu kwa kiganja. "Fundi! Njoo ukae hapa, nikuzungushe mpaka barabara kuu!" Nikasema nina kazi. Nikasema nguo za watu. Akacheka, akageukia majirani: jamani, mume wangu ananionea aibu! Nao wakaanza: panda, Fundi, panda! Mama hakulitazama trekta. Alinitazama mimi.

Nikisema hapana, ataniuliza kwa nini. Ananijua, uongo wangu haufiki mbali. Nikipanda — sipandi! Siwezi kupanda!

Honi tena. "Fundi, usinidharau mbele ya watu!"

Mungu wangu. Maneno yaleyale. Nani kamfundisha maneno yale?

Sufuria limeanguka. Nimelisikia. Sasa ni sauti ya Mama, kasogea karibu, anamwambia azime injini. Dereva anacheka: "Kwa nini, Mama?"

Imezimwa.

"Mama? Kwa nini?" — anauliza mara ya pili, na sasa hacheki.