Mjomba Amekubali Nikuandikie

Mama yangu,

Mimi mzima, ila nakukumbuka mpaka usingizi unanipaa. Sare yangu nyeupe imeruka kwa kufuliwa, imekuwa fupi, sasa wenzangu wa chuo cha uuguzi wananiita Kipande.

Mama, siku ile uliponiuliza kwenye simu kama nimesikia lolote kuhusu mjomba, nilisema chai inachemka, nikakata. Haikuwepo chai. Kaka yako yumo wodini ninamofanyia mazoezi ya uuguzi. Alinitambua kabla sijamtambua, akanishika mkono: "Mpwa wangu, dada asijue."

Darasani niliandika kwamba siri ni ya mgonjwa, nikapata alama zote. Sikujua siri hiyo ingenilemea nikisikia sauti yako, wewe uliyemtafuta tangu mlipokosana.

Jana nikimnyoa ndevu akauliza, "Bado anacheka mpaka machozi?"

"Muulize mwenyewe, mjomba."

Akanigeuzia shavu la pili. "Basi mwandikie. Mwambie aje, ila asinigombeze mbele ya watu."

Anachougua sikuambii, hilo atakueleza yeye. Mimi nimeruhusiwa neno moja tu: njoo.

Mwanao mwenye hamu nawe,
Kipande