Makinda ya Kaka Athumani

Mjukuu wangu Swaleh,

Marahaba. Huku Timbwani sote wazima, ila goti la babu yako lamsumbua. Wauliza kama uwaoanishe wale njiwa wako wawili wanaopinduka hewani kuliko wenzao. Usiwaoanishe, mwanangu.

Wakati wa vita vikuu, kaka yangu Athumani alifuga njiwa kama hao. Majirani walimshangilia zaidi yule aliyebiringika mpaka karibu kugusa paa, basi kaka akazalisha wa namna hiyo tu. Siku ya kuwarusha makinda yao, ua ulijaa watu. Makinda walipaa, wakaanza kupinduka, wakashindwa kuacha. Walipiga chini mmoja baada ya mwingine. Mama akanipa ungo nikawaokote. Nilikuwa ningali nimeinama, na watu bado wanapiga makofi.

Nyanya yako