Matone ya Profesa Lombe

Naviundu, Lubumbashi
Tarehe 20, mwezi wa tano, 2025

Mpendwa Yaya Rehema, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini huko Durban mko salama, na mgongo wako umepoa. Sisi tuko wazima. Mama tu ndiye anakohoa tangu baridi ianze.

Kwenye simu uliniuliza habari za masomo, nikazungusha maneno. Leo nakuandikia yote.

Unakumbuka nilikuambia Profesa Lombe alijenga sanduku refu la vioo mule maabara. Tulitia maji ya chumvi, feni kubwa ikayapiga mpaka mawimbi yakavunjika na kurusha matone, kama baharini wakati wa dhoruba. Matone hayo hupeleka joto na chumvi hewani, na wanaotabiri dhoruba bado hawajui vizuri yanakwendaje upepo ukichafuka. Wenzake walimcheka: "Prof, bahari iko wapi huku kwetu Katanga?" Mimi nilimfuata.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akapooza upande mmoja. Nikaendelea peke yangu. Siku moja, kwa mwanga wa leza, nikayaona. Hayakutawanyika sawasawa: yalikwepa mahali upepo unapozunguka, yakajikusanya pembeni, makundi makundi. Nilitazama mpaka nikasahau kula.

Kabla sijahifadhi picha, umeme ukakatika. Uliporudi ulikuja na nguvu mno, ukaunguza leza, kamera na kompyuta. Kitivo hakina namna ya kupata vingine. Wiki iliyopita wamebomoa sanduku; chumba kimekuwa darasa.

Nikaenda kumwambia Profesa. Mke wake, Mama Germaine, alinikalisha karibu na kitanda. Nilipomaliza, Profesa akauliza polepole, kwa ule mdomo mzito:

"Yale matone ya kidogo-kidogo, ilikuwa inapanda ao inaanguka?"

"Sijue, Prof. Nilikuwa nitapima kesho yake."

Akafumba macho. Mama Germaine akanisindikiza mpaka mlangoni.

Jumatatu naanza kazi kwenye depo ya saruji. Usinitie moyo, Yaya, nakuomba. Profesa hatajenga tena, na mimi peke yangu siwezi. Hata zile picha za bahari ulizokuwa ukinitumia, acha kwanza.

Nisalimie shemeji Asani na mtoto wetu Chadia. Mama anawakumbuka kila swala. Mungu awafunike kwa rehema zake huko mliko.

Wako akupendaye,
Bilal